Nyayo za Mbweha Kwenye Theluji: Hotuba ya Kuwakumbuka Watano wa Buckden Pike

(Hotuba hii ilitolewa jioni ya tarehe 30 Januari mbele ya Waswahili tunaoishi Leeds na miji ya jirani. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliobanwa na zamu za kazi na wale waliozuiwa na barabara.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na dada zangu, poleni na baridi. Vijana, hamjambo? Na ninyi wadogo mliokaa mbele kabisa, tulieni. Hadithi ya mbweha nimewawekea, inakuja.

Ndugu zangu, tarehe kama ya leo, 30 Januari 1942, ndege ya mabomu aina ya Wellington ilianguka juu ya mlima unaoitwa Buckden Pike. Ni hapa hapa Yorkshire, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka ukumbi huu. Ndani yake walikuwemo wanajeshi sita wa jeshi la anga la Poland. Watano walikufa. Mmoja aliishi.

Najua swali mlilo nalo, kwa sababu nimeulizwa tangu tulipotoa mwaliko. Sisi tumetoka Tanga, tumetoka Mombasa, Bukavu na Bujumbura. Makaburi ya kwetu yanaota majani na hatuna nauli ya kwenda kuyapalilia. Msiba wa Wapolandi, tena wa zaidi ya miaka 80 iliyopita, unatuhusu nini? Swali ni la haki, na nitalijibu. Nikilijibu sasa hivi, hata hivyo, mtaniona nabahatisha. Nipeni nafasi niwaonyeshe kwanza ndege yenyewe na watu waliokuwa ndani yake.

Ile ndege haikuwa ikienda Ujerumani. Haikutunguliwa na adui. Haikupigwa risasi hata moja. Ilikuwa katika safari ya mafunzo. Iliruka kutoka kituo cha Bramcote, kule Warwickshire, karibu kilomita 200 kusini mwa mlima ule. Hapo ndipo palipokuwa na kikosi namba 18 cha mafunzo ya mwisho, mahali ambapo wanaanga wa Poland walifundishwa kuruka pamoja kabla ya kupelekwa vitani. Rubani, mwongoza njia, mwendesha redio na wapiga bunduki walikuwa wamefundishwa kila mmoja kazi yake. Bramcote walikwenda kujifunza kitu kigumu zaidi, yaani kuaminiana gizani na mawinguni.

Wellington ilikuwa ndege ya ajabu. Mhandisi Barnes Wallis aliitengenezea mifupa ya chuma chepesi iliyopishanishwa na kusukwa. Ukiiona picha yake bila ngozi utasema huyu aliwahi kukaa na wasusi wa matenga pale sokoni kwetu. Juu ya tenga hilo walivalisha kitambaa cha kitani, wakakipaka dawa ya kukikaza. Kitambaa, ndugu zangu! Kati ya mtu na upepo wa Januari palikuwa na kitambaa. Ndege hizo zilitengenezwa zaidi ya 11,000, na zilisifika kwa kurudi nyumbani zikiwa zimetobolewa kama chekeche. Lakini zilizofika kwa wanafunzi mara nyingi zilikuwa zimeshachoka vitani. Mashine kuukuu alikabidhiwa mtu mpya, na mtu mpya akatumwa katika hali mbaya ya hewa.

Je, alipataje njia? Alikuwa na ramani, dira, saa na hesabu. Unajua umekwenda kwa kasi gani, umeelekea wapi, kwa muda gani. Basi unakisia uko wapi. Upepo ukikusukuma pembeni bila wewe kujua, kila hesabu inayofuata inabeba kosa la kwanza. Ukiteremka chini ya mawingu ili utazame ardhi, huenda ardhi ikakukuta kabla hujaiona.

Nataka mbebe namba mbili tu usiku huu. Ya kwanza: jeshi la ndege za mabomu la Uingereza lilipoteza watu 55,573 katika vita ile, kati ya takriban 125,000 waliorukia humo. Katika kila kumi, zaidi ya wanne hawakurudi. Ya pili: zaidi ya 5,000 kati ya waliokufa walifia mafunzoni. Elfu tano na zaidi! Hawakufika mbele ya adui. Walianguka milimani, baharini, kwenye mashamba ya viazi.

Na hawa ndio tunaowasahau haraka. Kwa nini? Kwa sababu kifo chao hakina simulizi ya ushujaa tuliyoizoea. Mama wa aliyekufa akipigana huambiwa mwanao alikuwa shujaa. Mama wa aliyekufa akijifunza huambiwa nini? Kwamba palikuwa na ukungu?

Wengine wetu tumelea vijana waliofia njiani kabla hawajafika walikokuwa wakienda. Mnajua ninachosema. Kuna waliofia jangwani, kuna waliofia baharini, kuna aliyemaliza masomo akafa kabla ya mshahara wa kwanza. Kwetu hatukuwahi kusema huyu hakufika, kwa hiyo matanga yake yawe mafupi. Tulikaa siku zote. Tulilia machozi yote.

Niseme na hili, nisionekane nimelikwepa. Ndege ya mabomu ilikuwa ya kuua. Waliokuwa chini ya mabomu ya Hamburg na Dresden walikuwa pia wazee na watoto, na siwezi kusimama hapa nikaimba sifa za mabomu. Nawakumbuka watu. Watu hao nchi yao ilivamiwa na Wajerumani tarehe 1 Septemba 1939, na siku kumi na sita baadaye Warusi wakaingia upande wa pili. Wanajeshi wengi wa Poland walitoroka kupitia Romania na Hungaria, wakafika Ufaransa. Ufaransa iliposhindwa, Juni 1940, wakavuka tena kuja kisiwa hiki. Wakimbizi ndio waliovaa sare wakapanda ndege ya kitambaa. Tukisema wakimbizi, katika ukumbi huu, sidhani kama kuna anayehitaji kufafanuliwa.

Haya, wadogo zangu. Mbweha.

Siku ile dhoruba ya theluji ilikuwa imefunika milima. Ndege iligonga mgongo wa Buckden Pike na kuvunjika. Mpiga bunduki wa nyuma, Józef Fusniak, alikuwa amekaa peke yake kwenye kibanda chake mkiani. Nafasi hiyo kwa kawaida ndiyo ya upweke na ya hatari kuliko zote. Siku hiyo ndiyo iliyomwokoa. Alitoka na jeraha kichwani na kifundo cha mguu kimevunjika. Akajikokota mpaka kwenye mabaki. Akawakuta wenzake wamekufa, isipokuwa mmoja aliyekuwa bado anapumua, ameumia vibaya. Akamfunika kwa parachuti apate joto.

Sasa afanye nini? Jiwekeni mahali pake. Hujui uko mlima gani. Huoni mbele, theluji inakupiga usoni. Mguu haukanyagiki. Ukikaa, mtakufa wawili. Ukiondoka, unamwacha mwenzako peke yake kwenye baridi, na pengine ufe njiani na asijue kwamba umekufa. Nani kati yetu angejua la kufanya?

Aliondoka. Alijikokota, alitambaa, alianguka. Na katika theluji ile akaona nyayo za mbweha.

Mbweha wa huku ni yule mwekundu mwenye mkia mnene, mmemwona usiku akifukua mapipa ya taka. Fusniak akawaza. Mbweha ana njaa. Katika hali kama hii haendi juu mlimani, maana juu hakuna kitu. Atateremka kwenye makazi ya watu, kwenye kuku, kwenye mabaki ya chakula. Nikimfuata mbweha, nitawafikia watu. Basi akazifuata nyayo zile. Mtu mwenye mguu uliovunjika, nyuma ya mnyama asiyemwona, kwa imani kwamba njaa ya mnyama inajua njia. Zikamteremsha mpaka Cray, kijiji kidogo cha nyumba chache, penye nyumba ya wageni iitwayo White Lion. Wakampokea.

Hapo "wakampokea" nataka tukae kidogo. Ni mwaka 1942, vita vimepamba moto, kila mtu ameambiwa ajihadhari na maadui wanaoshuka kutoka angani. Anatokea mlangoni mtu mwenye damu usoni, sare ya anga, lafudhi isiyo ya hapa. Ni wangapi kati yetu tumewahi kugonga mlango tukiwa na lafudhi isiyo ya hapa? Wale watu wa Cray walimwingiza ndani, wakamtunza, na walipoelewa kwamba kuna mtu bado yuko juu, wakatoka kumtafuta. Dhoruba iliwashinda. Mlima ulipofikika, yule mwenzake hakuwa hai tena.

Fusniak baadaye alitunukiwa Medali ya Dola ya Uingereza kwa alichokifanya siku ile. Lakini nadhani mzigo wa kumwacha mtu amefunikwa parachuti hauondolewi na medali. Nitaonyesha kwa nini nadhani hivyo.

Watano wale walizikwa Newark, kule Nottinghamshire. Kuna sehemu ya makaburi pale yenye mamia ya wanaanga wa Poland, mawe meupe yamesimama kwa safu. Nilikwenda mara ya kwanza kwa kupelekwa. Nilikuwa nikifanya kazi na mama mmoja wa Kipolandi, zamu za usiku, na mwanzo wa Novemba akaniomba nimwendeshe gari. Kwao Novemba mosi ni siku ya kwenda makaburini. Alibeba mishumaa iliyowekwa ndani ya vioo, mfuko mzima. Tukafika, akaniwekea mitano mikononi, akasema nenda uchague ambao hawana. Nikazunguka na mishumaa yangu nikitafuta mawe yaliyokuwa gizani.

Tukiwa pale akaniuliza kwetu hasa ni wapi. Nikasema Arusha. Akanitazama. Akasema, "Tengeru?"

Ndugu zangu, nilishindwa kujibu. Mimi nimekulia Tengeru. Jumatano na Jumamosi nilikuwa nabeba ndizi za mama mpaka sokoni. Makaburi ya Wapolandi tuliyajua, yana ukuta na lango, hayako mbali na Ziwa Duluti. Tulikuwa tukichungulia na kukimbia. Hakuna aliyetuambia habari yao ikaeleweka. Huyu mama akaniambia bibi yake alikuwa mtoto pale. Alikuwa amekua akisikia jina la kijiji changu jikoni kwao kabla hajajua liko bara gani.

Sasa sikilizeni jinsi mambo haya yalivyofungamana. Warusi walipoingia Poland mwaka 1939, walianza kuhamisha raia kwa mamia ya maelfu, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Wanawake, watoto, wazee. Tarehe 30 Julai 1941, mkuu wa serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London, Jenerali Władysław Sikorski, alitia saini mkataba na Warusi, na kwa mkataba huo wengi wa watu hao wakafunguliwa. Wakateremka kusini wakiwa na utapiamlo na homa, wakavuka mpaka Iran, na kutoka huko wengine wakapakiwa melini kuja Afrika Mashariki. Walipelekwa Masindi na Koja, Uganda. Walipelekwa Ifunda, Kidugala, Kondoa, Morogoro. Na kambi kubwa kuliko zote Tanganyika ilikuwa Tengeru, takriban watu 5,000, ilifunguliwa mwaka huo huo wa 1942. Walijengewa nyumba za duara zenye makuti, wakalima, wakafungua shule na kanisa. Wapo waliozikwa pale.

Huyo huyo Sikorski alikufa kwa ajali ya ndege Gibraltar, Julai 1943. Mnajua alizikwa wapi? Newark. Kati ya wanaanga wake. Alilala pale miaka 50 mpaka 1993, mwili wake ulipohamishiwa Kraków.

Hesabuni tarehe. Kutoka saini ile hadi kuanguka kwa ndege yetu ni miezi sita kamili, kutoka 30 Julai hadi 30 Januari. Wakati vijana wale wakijifunza kuruka Bramcote, mama na watoto wa nchi yao walikuwa njiani. Kisha wakafika kwetu, tukawa ndio watu wa Cray. Wameru wa Arumeru, ambao ardhi yao wenyewe ilikuwa imekatwakatwa na walowezi, waliishi jirani na watu waliotoka Siberia, wakauziana mboga na mayai. Ndilo jibu langu kwa swali lenu la mwanzo. Msiba huu unatuhusu kwa sababu nusu yake umezikwa kwetu.

Na upo upande mwingine wa jambo hili, hasa kwa ndugu zangu Wakenya. Mafunzo hayo ya ndege za mabomu hayakufanyika Ulaya peke yake. Kati ya 1941 na 1943 Nakuru palikuwa na kikosi cha mafunzo namba 70, na Nanyuki kikafika kikosi namba 72. Vijana waliruka na ndege aina ya Blenheim juu ya Bonde la Ufa, na wapo ambao hawakutua salama. Makaburi yao yapo huko, katika mji ambao wengine wenu mmesomea. Mkienda likizo, piteni. Kuna dada hapa ameniambia wiki iliyopita kwamba alipita nje ya uzio ule miaka saba kwenda shule na hakuwahi kuingia. Aingie sasa.

Nimalizie na Fusniak, kwa sababu niliahidi.

Vita viliisha. Poland haikurudi kuwa huru kama walivyotarajia, na Wapolandi wengi waliokuwa wamepigana upande wa Waingereza walibaki huku, wakaanza maisha upya viwandani na migodini, ugenini kama sisi. Miaka ikapita. Kumi, ishirini, thelathini. Mwaka 1973, juu ya mgongo wa Buckden Pike, msalaba mweupe wa mawe ulisimamishwa. Haukusimamishwa na serikali. Aliyefanya kazi hiyo ni Fusniak. Aliwajengea wenzake msalaba, na kwenye kitako chake akaweka vipande vya ndege ile ile.

Fikirini uzito wa mawe kwenye mlima usio na barabara. Fikirini mtu kurudi, kwa hiari yake, mahali alipomfunika mwenzake kwa parachuti. Kwetu tunao watu wengi waliobaki bila mtu wa kuwarudia. Kariakoo tunanunua vitenge na simu, tunalitamka jina hilo kila siku, na ni wangapi tunakumbuka kwamba ni jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliokufa kwa maelfu kwa njaa na kuhara damu katika Vita Kuu ya Kwanza? Sanamu ya askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ni nzuri, naipenda. Lakini ni askari mmoja kwa niaba ya wote, na majina ya wapagazi hayapo. Walikosa Fusniak wao. Hilo linaniuma, na sitalificha kwa sababu tuko kwenye kumbukumbu ya wengine.

Na kuna kitu kimoja zaidi kwenye kitako cha msalaba ule, wadogo zangu. Kati ya vile vipande vya ndege ameweka kichwa cha mbweha, kidogo, cha shaba. Miaka 31 imepita tangu ajali, ana nafasi ya kumshukuru Mungu na watu, akamkumbuka na mnyama.

Basi, mipango. Mwezi wa Mei, theluji ikishaisha na kondoo wakishazaa, tutapanda Buckden Pike. Tutaanzia Cray, mahali alipofikia yeye. Kilele kina mita 702. Wenzangu wa Arusha mtacheka, mji wetu wenyewe uko juu mara mbili ya hapo, lakini nawaomba msiudharau mlima ule, una matope na upepo. Wazee watakaobaki chini watakaa White Lion wapate chai. Mishumaa ya vioo nimeshanunua mitano. Majina ya wale watano nimeyanakili kutoka kwenye mawe ya Newark, na yule mama ninayefanya naye kazi amekubali kuja kuyasoma yeye, ili yatamkwe kama walivyotamkiwa na mama zao.

Watoto watatangulia mbele, kama kawaida yao. Ombi langu kwenu wadogo ni moja. Atakayekuwa wa kwanza kumwona mbweha wa shaba, aite kwa nguvu zote, ili sisi tulio nyuma kwenye ukungu tujue ni upande gani.